Nyumba ya Daktari wa Ng'ombe

Jumatatu, 14 Machi 2016. Buffalo, West Side.
Mwenye nyumba ameuza. Tutoke kabla ya tarehe 31. Alisema pole, akatuachia na biskuti. Mke wangu Mukandoli hakulia. Alishusha mifuko toka juu ya kabati, ile ile ya kambi ya wakimbizi. Mara ya sita tunafungasha tangu tutoke kwetu Minembwe, Kongo. Ndugu yake Gakwaya amepiga simu toka Louisville: amenunua nyumba huko, mtaa wa Okolona, chumba cha chini ya ardhi kiko wazi, shemeji karibu. Mimi? Mtu aliyekula meza moja na gavana? Nilale chini ya Gakwaya, nisikie kila akivuta maji ya choo? Bora theluji.

Jumatano, 16 Machi.
Mungu ameona. Huko Cheektowaga, mbele ya ghala tunalofanyia kazi, ofisi ya mikopo imeweka bango: "vet" anapata nyumba bila kutoa pesa ya kwanza. Jioni nikamuuliza binti yangu Isimbi, Kiingereza anakinywa kama maji. Vet ni nani? Akajibu bila kuinua macho: daktari wa wanyama, papa. Donc, basi ni mimi. Kwetu waliniita veterineri. Wiki sita za mafunzo Uvira, cheti ninacho, kina picha ya ng'ombe. Nimedunga sindano milima mizima. Nilijua iko siku nchi fulani itanikumbuka. Sikudhani itakuwa hii.

Jumamosi, 19 Machi.
Nimenunua sanduku la barua. La chuma, na kibendera chekundu. Nimeandika RUDASINGWA kwa rangi nyeupe. Mukandoli akauliza litakaa wapi. Nikamwambia mbele ya nyumba yako, mama Isimbi. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho. Akasema yeye hataki vyumba vingi, anataka mlango mmoja tu ambao hakuna mtu atakuja kuugonga amwambie toka. Nikampigia Gakwaya: chumba chako weka viazi.

Jumanne, 22 Machi.
Ofisini. Mkalimani alikuwa kwenye simu, Mtanzania, Kiswahili cha redio. Afisa akauliza nilihudumu wapi. Milimani, miaka mitano, vita vyote vilinikuta pale. Waliokuwa chini yangu? Mia nne. Niliowapoteza? Kumi na mmoja, wiki moja, wengine nimewashika kichwa mpaka mwisho. Afisa akasimama, mkono kifuani, macho yamelowa. Na mimi nikalia, maana ni kweli, walikuwa ng'ombe wazuri. Kisha akaomba karatasi. Aliitazama ile picha muda mrefu. Mkalimani akakohoa, akasema: baba, "vet" ya kwenye bango ni mtu aliyekuwa askari wa Amerika.

Nje, kwenye ngazi, alikaa mzee wa hapa, kofia imeandikwa Vietnam. Vet mwenyewe huyo. Kwa Kiingereza changu na mikono yake nilielewa: karatasi zake za jeshi zilipotea, analala ndani ya gari. Nikampa glovu zangu na chapati zote mbili. Yeye ana haki, hana karatasi. Mimi nina karatasi.

Jumamosi, 26 Machi.
Leo ndiyo nimemwambia Mukandoli. Siku nne nilijifanya naumwa jino. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya. Aliuliza kitu kimoja: sanduku la barua linabaki au linaenda? Nikasema linaenda. Akalifunga ndani ya blanketi, kama mtoto.

Alhamisi, 31 Machi. Columbus.
Tumesimama kwa Bulonza, jirani yetu wa kambini, tunywe chai kabla ya kuendelea Louisville. Mukandoli amelala kitini, koti hajavua. Gakwaya ametuma ujumbe: viazi nimeondoa. Bon.

Lakini Bulonza amesema neno. Serikali ina mkopo mwingine wa nyumba, bila pesa ya kwanza, kwa watu wa kijijini. Alianza kueleza ni vijiji vya hapa Amerika, nikamkatiza. Wa kijijini? Mimi nimezaliwa mahali ambapo barabara yenyewe ilichimbwa na kwato. Cheti sina, ila shahidi ninaye, yuko pale kitini. Nimemwacha alale kwanza. Nimeteremka kwenye gari, nikafunua blanketi la sanduku la barua kuona kama jina halijachubuka. Liko sawa.