Profesa Ametuvunjia Baraza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Saikolojia,

Assalaam alaykum. Baada ya kukuombea afya wewe na wanafunzi wako, naandika kwa niaba ya baraza letu la Kibokoni, Mji wa Kale, kukuomba umhamishe Profesa Ummulkheir Akil. Mpelekeni Shimanzi akawachunguze madereva wa malori, au popote pasipo na baraza.

Hatumdharau. Tunajua ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuifanya saikolojia ya jamii kuwa kazi ya maisha yake. Mwenyewe alitusimulia kuwa alianza akiwa binti mdogo kule mtaa wa Buxton, mjini humu humu, alipowasikia wanawake wakiisifu pilau ya harusi kwa kauli moja, kisha wakaisema vibaya, kila mmoja alipofika kwake. Tangu hapo anafuata swali moja tu: kwa nini mtu akiwa peke yake ana rai yake, na akikaa na wenzake hana? Swali zuri sana. Angeliuliza kwengine.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Aliomba ruhusa akae nasi, tukampa kiti kwa heshima, pembeni kidogo. Siku moja akapanga na wenzangu, nyuma ya mgongo wangu, waseme kahawa haina tangawizi. Kahawa yenyewe ilikuwa inaniwasha koo mpaka machozi yananitoka. Ishaq akasema haina. Khubaib akasema haina. Mzee Zakariya, aliyeipika kwa mkono wake, akasema amesahau kutia. Zamu yangu ilipofika nikasema haina, tena nikaapa. Profesa akanishukuru kwa adabu. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Haina, hata muuza mahamri.

2. Tumekosa raha. Zamani mtu akitoa neno, sisi tuliitikia naam, maneno yakaisha, tukaenda kuswali na nyoyo nyeupe. Sasa, kwa kuogopa kuitwa Haina, kila neno dogo lina mpinzani. Jana Khubaib alikataa kuwa kuna joto, na huku anajipepea na kofia.

3. Hili ndilo linaloniuma. Binti yangu Jannat ameposwa na Aidarus, kijana mwenye gari zuri na manukato mengi. Nilifanya kama wafanyavyo wazazi wote mjini: niliulizia habari zake barazani. Wote wakasema ni kijana mwema. Nikampelekea Jannat habari, na yeye, ambaye amesomeshwa na Profesa huyohuyo, akanikumbusha kwamba hao ndio waliosema kahawa haina tangawizi. Anataka niwaulize mmoja mmoja, nyumbani kwao, mlango umefungwa. Mheshimiwa, hiyo ni tabia gani? Mtu akiulizwa peke yake si atasema kweli? Na kweli ikisemwa, nani ataolewa katika mji huu?

4. Tukinyamaza, keshokutwa watu watapiga kura kwa rai zao wenyewe. Wagombea wetu wataishi vipi?

Kwa hivyo tunaomba Profesa ahamishwe, na kabla ya Ijumaa, siku nitakayotoa jibu la posa, atangaze kwa maandishi kwamba watu wengi wakikubaliana hawawezi kukosea. Wanabaraza wote tumetia sahihi bila hata mmoja kusita, na huo ni ushahidi tosha.

Nisalimie walimu wote, makarani, na bawabu wa langoni aliyenielekeza ofisi yako kwa upole.

Wako katika kuulinda umoja wetu,

Muhdhar bin Abdullah
Katibu wa Baraza

Tanbihi: Kabla ya kuileta barua hii nilipita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kwamba sahihi ni za hiari. Ishaq, akiwa peke yake, alisema hataki Profesa aondoke. Khubaib vivyo hivyo. Mzee Zakariya alisema alitia sahihi kwa kuwa mimi nilitia. Basi kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia ndani na mlango umefungwa, nikawauliza na habari za Aidarus. Waliyoniambia siwezi kuyaandika. Nilirudi nikakaa ngazini kwangu nikalia, kwa jinsi nilivyokaribia kumwoza mwanangu kwa mtu huyo. Posa nimeirudisha leo asubuhi. Barua naileta hivyo hivyo, maana sahihi zimeshatiwa, lakini tafadhali usiifanyie kazi. Mwambie Profesa tunamngoja baada ya alasiri. Kiti chake kiko palepale, na ile kahawa, wallahi, ilikuwa na tangawizi.