Zamu ya Wenye Kiingereza Laini

Jumatatu, 7 Juni 2004

Nimerudi kutoka semina, Kakamega mjini. Chai ya maziwa! Soseji! Viti vya kuzunguka! Chama chetu cha wakulima wa miwa hapa Matungu kilinituma mimi, kwa sababu mimi ndiye hutafsiri Kiingereza kanisani wageni wakija, ndiyo maana wananiita Mwalimu. Shitanda, jirani yangu, alitaka kwenda yeye. Kiingereza hajui. Ila tangu akatiwe miwa msimu uliopita akanunua makochi, anadhani kila kiti ni chake.

Mada: namna ya kuwataja walemavu kwa heshima. Mwezeshaji alitoka Nairobi, suti ya kijivu. Akasema "cripple", yaani kiwete, ni tusi. "Handicapped" ilikuwa na adabu zamani, sasa imeoza. "Disabled" nayo imeanza kunuka. Watu wa maana wanasema "physically challenged" kwa mwenye shida ya viungo, "hearing impaired" kwa asiyesikia, "person with special needs" kwa mwenye mahitaji maalum. Na lile tamu kuliko yote: "differently abled". Yaani mtu ana uwezo, ila ni wa namna yake. Halafu akaonya kwamba ni utovu wa adabu kumtaka mtu athibitishe. Anavyojiita, ndivyo alivyo.

Niliacha kutafuna soseji. Kwa maana mwenyekiti wa chama ametangaza: kuanzia wiki ijayo wenye majina hayo watakatiwa miwa kwanza, kwa zamu yao maalum na trekta yao. Na miwa yangu imekomaa inangoja tu. Sukari ina bei mwaka huu, kila aliyekatiwa ananunua kitu. Rosebella, mke wangu, ananiuliza makochi tangu Pasaka.

Maneno mapana namna hiyo, mtu anaweza kuingia na kofia kichwani!

Jumanne, 8 Juni

Nimejikagua mwili mzima. Sina kitu. Afya ya punda! Aibu tupu. Rosebella akauliza natafuta nini, nikamwambia kasoro. Akasema ningemwuliza mapema. Akaanza: uvivu, uongo, ulafi, kukoroma. Nikatoka nje kabla hajafika mwisho.

Macho? Hapana. Maua ya vitambaa vya makochi ya Shitanda nayaona vizuri kutoka barabarani. Nimechagua "differently abled". Si uongo hata kidogo. Panga siwezi, jembe siwezi, kusema naweza. Huo si uwezo wa namna yake?

Jioni nikaenda kwa Muhonja, nimtendee wema. Anatembea kwa magongo tangu polio ya utotoni. Miwa yake imepitwa na zamu mpaka ikatoa maua na kuanza kupoteza sukari, kwa sababu sisi wengine wakataji wakifika barabarani tunawakimbilia, tunawavuta mkono na kuwaahidi pombe ya busaa mpaka waingie kwetu. Yeye hakimbii. Sasa Alice, binti yake wa kidato cha pili, yuko nyumbani kwa ajili ya karo, na shule imesema asiporudi kabla ya mwezi kuisha nafasi yake inapewa mwingine.

Nilimwambia aache kujiita kiwete, nitamfundisha jina jipya. Akaniangalia sana.

"Mwalimu, tangu niugue wamenibadilishia jina mara nne, na mguu ni huu huu. Mimi nataka miwa ikatwe, mtoto arudi shule."

Asiyejua maana haambiwi maana.

Alhamisi, 10 Juni

Siri imetoka! Rosebella aliisema posho mill, wanakosagia mahindi, basi leo uani kwangu kumejaa watu. Sikuwafukuza. Elimu ni mwanga, na mwanga una gharama: kuku mmoja kwa neno moja. Risper ana sugu kidoleni, nikampa "physically challenged". Barasa hawezi kupita kilabu cha busaa bila kuingia, nikampa "special needs". Akalifurahia, akasema siku zote alihisi hivyo.

Jua likitua akaja Shitanda. Mwenyewe! Na jogoo mkubwa mwekundu kwapani. Nikampa "hearing impaired". Nikamwonya kwamba kuanzia sasa mpaka afisa wa chama aje kutuandikisha, hasikii kitu. Akasema sawa. Nikamwambia asijibu. Akasema haya.

Jogoo ameliwa kwa obusuma, ugali wetu. Mtamu kuliko mwenyewe aliyemleta.

Ijumaa, 11 Juni

Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu. Nilimkuta Shitanda sokoni mbele ya watu. Nikamwambia kwa sauti kwamba makochi yake yana rangi ya ugonjwa. Kwamba upara wake unaogopesha watoto. Kwamba mahindi yake ni ya kuonea huruma. Hakusikia! Alikuwa anatabasamu, meno yamekazwa, mshipa wa shingo unacheza. Nikarudia polepole, asije akakosa kitu.

Jumapili, 13 Juni

Kanisani nusu ya waumini wamechechemea. Mchungaji alisimamisha ibada, akauliza ni gonjwa gani limeingia Matungu, akatuombea kwa machozi. Watu wakaitika amina wakitazama chini. Shitanda, kiziwi wetu, alipiga ngoma ya kwaya bila kukosa hata pigo moja.

Njiani Rosebella akasema ujanja wa nyani huishia jangwani. Nikamwambia Matungu hakuna jangwa, kuna miwa tu.

Jumatatu, 14 Juni

Afisa amekuja. Kijana, anaitwa Kipsang, viatu vinang'aa. Naye amepitia semina ile ile, ameiva. Alikuwa anaogopa kutukosea adabu kuliko anavyoogopa nyoka. Hakumwangalia mtu miguuni. Hakumwangalia mtu machoni pia, kwa usalama. Mimi nilisimama kando yake nikitafsiri. Kila aliyetaja neno lake, Kipsang aliinama kidogo na kumwandika zamu maalum. Barasa alitaja lake vizuri mno, akapigiwa makofi.

Mwisho akafika Muhonja. Alichelewa, njia ni mbali kwa magongo. Kipsang akamwomba ajieleze kwa maneno yake mwenyewe.

"Mimi ni kiwete," akasema. "Miwa yangu imetoa maua."

Kipsang akashtuka kama amemwagiwa maji. Akasema neno hilo halitumiki tena, chama hakina mtu wa namna hiyo. Akanigeukia, nimsaidie mama apate neno.

Hapa naandika ukweli, maana hii ni shajara yangu na ina kufuli. Ningeweza kumsaidia. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilifikiri: akiingia, atawekwa mbele yangu. Basi nikamwambia Kipsang kwa Kiingereza changu cha kanisani kwamba mama huyu bado hajajikubali. Kipsang akahuzunika sana. Akamrudisha zamu ya kawaida mpaka apate ushauri nasaha.

Muhonja hakuuliza nilichosema. Aligeuza magongo akaenda.

Halafu balaa! Kipsang akatupanga kwa uzito wa shida. Akasema neno langu ndilo lenye heshima zaidi, kwa sababu lenyewe linasema mtu ana uwezo. Na mwenye uwezo anaweza kungoja. Nimekuwa wa mwisho. Wa mwisho! Nyuma ya sugu ya Risper! Nyuma ya busaa ya Barasa!

Jumatano, 16 Juni

Trekta ya zamu maalum ni moja. Watu ni kijiji kizima. Imekata kwa Risper, ikazama kwenye tope kwa Barasa. Nilienda kwa Shitanda nikamwomba tubadilishane nafasi, kiungwana, kama majirani. Hakusikia. Nikapiga kelele. Hakusikia. Nikamwambia nitamrudishia jogoo mwingine mkubwa zaidi. Akaketi kwenye makochi yake, akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Huyo mtu hana utu.

Ijumaa, 18 Juni

Leo asubuhi wakataji wa zamu ya kawaida walifika barabarani na trekta zao, kundi zima, mapanga yamenolewa. Hakuna aliyewakimbilia. Hakuna aliyewavuta mkono. Wakashangaa. Wakauliza shamba linalofuata ni la nani, na karani wa chama akatazama akakuta sisi wote tumehamia zamu maalum. Zamu ya kawaida imebaki na mtu mmoja.

Wameingia kwa Muhonja. Watu wote wale, shamba dogo lile! Saa sita miwa ilikuwa chini. Jioni ilikuwa imepakiwa yote, hata maua. Chama kimeahidi shule kuilipa karo moja kwa moja, na Alice ameshapiga pasi sketi yake. Jumatatu anarudi.

Nilipita hapo kana kwamba nina safari yangu. Muhonja alikuwa amekaa mlangoni, magongo yameegemezwa ukutani, anacheka na wakataji. Akaniita, akanipa uji. Akaniuliza miwa yangu imefikia wapi. Aliuliza vizuri kabisa, bila kejeli.

Nikaenda mbio hadi kibanda cha simu, nikampigia Kipsang, nikamwambia nimepona, anirudishe kawaida. Akasema ananiomba radhi, lakini mtu hapaswi kushurutishwa kuficha hali yake. Akanisihi nijivunie nilivyo. Simu ikakatika.

Jumapili, 20 Juni

Mvua. Trekta ya zamu maalum bado imezama. Miwa yangu imeanza kutoa maua.

Nimekaa nikatafakari kwa unyenyekevu. Kosa langu nimeliona: nilichagua neno jepesi mno. Basi.

Na Mungu hamtupi mja wake! Baada ya ibada mwenyekiti ametangaza kwamba mwezi ujao kutakuwa na zamu nyingine mpya, ya wajane, na safari hii trekta ni mbili. Kwa Kiingereza hawaitwi wajane tena, nina hakika. Litakuwepo neno laini, na kwa mume litakuwepo pia, la mtu aliyefariki kidogo tu, ambaye bado anakula.

Nimemwuliza Rosebella kama anaweza kuwa mjane kwa muda mfupi. Amekubali kabla sijamaliza kuuliza.