Kitufe Kilichorudi Chini ya Sofa

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka kabla wiki haijaanza. Bosi ametuita mimi na Miwani, jirani yangu wa meza. Ofisi itachagua kivinjari kimoja cha kutengenezea tovuti. Tulinganishe zile zana zinazofunguka kando ya ukurasa na kuonyesha matumbo yake. Atakayemridhisha ndiye kiongozi wa timu. Miaka sita nakisubiri cheo hicho! Miwani anatetea kivinjari cha bluu. Basi mimi natetea cha kijani. Sijawahi kukifungua.

Jumanne, 4 Machi

Nimekifungua. Kijani kinaonyesha vizuri mpangilio wa ukurasa. Bluu kinakamata upesi faili inayochelewesha ukurasa. Kwa kweli vinakaribiana, lakini ukweli haunipi cheo. Mpango: nitumie zana za kijani kunyoosha ukurasa wa mteja wetu, muuza samani, ambako kitufe cha kununua kimejificha chini ya picha ya sofa.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima ndani ya zana. Kitufe kimetoka. Bei zimekaa mstari mmoja. Miwani kapita, kauliza kama nimehifadhi kwenye faili. Wivu huo. Nikamwambia ashike hamsini zake. Nyumbani nikamwambia mama watoto aanze kuniita kiongozi. Akasema kiongozi akatoe takataka.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi kaja mezani. Kasifu. Kisha akanyoosha kidole akaupakia ukurasa upya, apime kasi yake. Kitufe kikarudi chini ya sofa. Mabadiliko ya ndani ya zana hukaa kwenye kioo cha kompyuta yako tu, ukipakia upya yamekwenda. Nilijua! Huwa nawafundisha hilo wafanyakazi wapya. Bosi akahamia meza ya Miwani. Imeniuma, sifichi.

Ijumaa, 7 Machi

Barua pepe ya bosi: kivinjari ni cha bluu, kiongozi ni Miwani. Nimeisoma mara tatu, nikachoka hata kukasirika. Nyumbani nikaifungua kwa kivinjari cha bluu, nikafungua zana, nikafuta jina la Miwani, nikaandika langu. Bluu ni kizuri kwa kazi hii, haki yake nakipa. Nikamwita mama watoto asome. Akalia. Kumbe naye alikuwa akisubiri. Sasa hivi kampigia mama yake, na ukoo mzima unakuja Jumapili kunipongeza. Sina wasiwasi. Nimebandika karatasi kwenye kioo: marufuku kupakia upya.