Ombi la Kumpokonya Binti Yangu Haki ya Kusimamisha Kazi

Kwa Mkuu wa Idara ya Teknolojia ya Petroli
Nakala: Meneja wa Mafunzo, kampuni ya mafuta mnayoshirikiana nayo

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni fundi cherehani, baba wa mwanafunzi wenu wa mwaka wa tatu, yule mnayemsifu kwa hesabu. Likizo hii mlimpeleka mafunzoni kwenye kampuni ya mafuta, nami nilishukuru. Aliporudi, shukrani zikaniishia.

Kumbe huko kuna kanuni kwamba yeyote akiona hatari, hata mwanafunzi aliyefika jana, anyanyue mkono na kazi yote isimame. Bosi haruhusiwi kufoka. Lazima amshukuru kwanza, ndipo aulize hatari ni ipi. Kwenye visima vyenu, sawa. Lakini hamkumwambia aiache getini. Nalalamika hivi:

1. Nilipanda kigoda juu ya meza kubadilisha balbu, kama nifanyavyo miaka yote. Mkono juu. Nikashuka, nikashukuru shingo upande, tukala gizani mpaka jirani alipotuazima ngazi.

2. Mama yake alitaka kuwasha kiberiti kabla ya kuangalia kama mtungi wa gesi unavuja. Mkono juu. Nilitegemea mwenzangu atamkemea. Sasa naye hupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kila asubuhi, na mimi nangojea chai.

3. Kaka yangu mkubwa, ambaye katika ukoo wetu hakatizwi hata akipiga chafya, aliambiwa aegeshe gari kinyumenyume, eti dharura ikitokea atoke bila kuhangaika. Alipasua ndoo yangu, lakini aliegesha.

4. Hili ndilo lililonivunja. Kaka huyohuyo alileta wageni wa posa bila kuniuliza mimi wala binti. Niliona haya kumpinga. Mkubwa hapingwi mbele ya watu. Kabla hatujamaliza kusalimiana, binti aliwaonyesha wageni mlango wa kutokea na pa kukusanyikia moto ukizuka. Mzee wa upande wa pili alipoanza kutaja tarehe ya harusi, mkono juu. Kwa kanuni yenu ilinibidi nimshukuru, kisha niulize hatari ni ipi. Akajibu kwamba amebakiza mwaka mmoja wa masomo, na kwamba mwenye harusi hajaulizwa. Wageni wakaaga chai ikiwa ya moto. Gari la kaka lilitoka bila kuhangaika.

Mheshimiwa, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wangu alikwisha kufunzwa na mamaye, nanyi mkamwongezea ulimwengu. Naomba idara na kampuni mkae, muifute haki hii kwa barua rasmi, ili nami niwe baba tena nyumbani kwangu.

Wasalimie walimu wote, wasimamizi wa kampuni, na aliyempa binti kofia ngumu ya kazini, ambayo sasa naivaa mimi nikipanda ngazi.

Wako mtiifu, niliyesimamishwa,
Mzazi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, kaka amekuja. Anasema wageni watarudi Jumamosi, na safari hii binti apelekwe kwanza kwa shangazi yake. Nilifungua kinywa nikubali, kama nilivyozoea tangu utoto. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Kaka hakunishukuru, lakini ameondoka, na Jumamosi hakuna mgeni. Barua naituma kwa kuwa stempu nimeshabandika. Ombi lililomo msilitekeleze. Ila niulizieni kampuni: mtu akiunyanyua mara ya kwanza, mkono hutetemeka mpaka lini?