Povu la Chura Dukani kwa Dobi

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu katoa onyo. Gauni la bibi harusi lisipotoka safi kufikia Ijumaa, duka anamkabidhi kaka yake. Duka aliloniachia baba yangu! Tangu niunguze mapazia ya mwenye nyumba, funguo za duka anakaa nazo mke wangu. Huyo shemeji naye ni dobi, ng'ambo ya barabara. Hana lolote, ana povu tu. Anakoroga beseni mpaka linafurika kibarazani, wateja wanamiminika. Povu langu mimi hufa kabla sijakunja mikono ya shati.

Jumanne, 5 Machi
Mpwa wangu kaja kutusalimia. Anasomea wanyama chuoni. Kasema kuna chura wa mtini anayetaga ndani ya povu. Analikoroga mwenyewe kwa miguu, na linakaa siku kadhaa bila kuvunjika. Kazi ya protini hiyo. Wataalamu wanajaribu kutumia povu la vyura wa namna hiyo kupeleka dawa kwenye vidonda vya moto, maana ni pole kwa ngozi. Akaendelea kueleza, lakini mimi nilishavaa viatu. Shemeji kwisha habari yake.

Jumatano, 6 Machi
Nimeangua viota kumi na viwili kwenye kidimbwi cha nyuma ya kiwanda cha matofali. Nimelowa hadi kiunoni. Mayai nimeyachuja kwa chujio la chai la mke wangu (nimelisuuza). Gauni ndani, nikakoroga. Povu likapanda, likagoma kushuka. Wapita njia wakajaa. Shemeji katoka nje, mikono kiunoni. Siku tamu kuliko ya harusi yangu. Mke wangu asisome hapa.

Alhamisi, 7 Machi
Povu halitoki. Nimesuuza mara tisa. Nimelianika gauni, likakakamaa, sasa linasimama lenyewe. Nimempigia mpwa. Kajibu taratibu kwamba si alishaniambia, Mjomba, povu lile halivunjiki. Na kwamba kazi yake ni kulinda mayai, si kutoa uchafu. Kweli. Doa la mafuta kwenye pindo lipo palepale, limelindwa vizuri. Gauni nimeliloweka tena, beseni lilelile.

Ijumaa, 8 Machi
Bibi harusi kaja na mama yake. Kaingiza mkono kwenye beseni kutoa gauni lake, akatoka na viluwiluwi. Kumbe chujio lina matundu makubwa. Mama mtu akaketi sakafuni. Shemeji kavuka barabara, kachukua gauni bila kuniangalia, jioni kalirudisha jeupe pe. Mke wangu akampa funguo mbele yangu. Nilijikaza nisilie. Nikashindwa.

Jumapili, 10 Machi
Nimeajiriwa na shemeji, kwenye duka la baba yangu. Napiga pasi tu. Maji nimekatazwa kugusa.

Mpwa kaja kunipa pole. Katika kunichangamsha, kasema hata jasho la farasi lina protini ya namna hiyo, ndiyo maana hutoka povu akikimbia. Kisha akashtuka, akaniapisha nisifanye lolote. Nimeapa.

Kesho shemeji anasafiri, na kuna sare thelathini za shule. Mwenye farasi nimeshaongea naye. Kaniuliza nataka kumpeleka wapi mnyama wake. Nimemwambia popote, ilimradi iwe mbio.