Ombi la Kuondolewa Sufuria Mbele ya Jina Langu

Kwamsisi, Handeni
Jumatano

Kwa Faudhia, mtengeneza tovuti,
Masuguru, Korogwe

Mpwa wangu,

Marahaba ya shikamoo yako ya juzi. Huku tu wazima, mahindi yamesimama vizuri, na mke wangu Chausiku anakusalimu.

Nakuandikia rasmi kuhusu ukurasa wa harusi ya mdogo wako Husna, ulioutengeneza na kuusambaza kwenye simu za ukoo mzima. Ukurasa ni mzuri. Maua yanapendeza. Lakini mbele ya jina langu mimi Mhina, mjomba wa bibi harusi na msemaji wa familia siku ya Jumamosi, kuna picha ya sufuria.

Nilipokupigia ulinieleza kwa upole, nami nikaandika kwenye daftari nisije nikakusingizia. Ulisema boksi la wapishi ndilo ulilolipamba kwanza, rangi ya waridi, na ndani yake boksi dogo la jina lenye sufuria. Ulipofika kwa wajomba ulitaka upana tu ulingane, ukaiamuru programu yako ya kupamba kurasa kwamba wajomba wafuate wapishi. Ikachukua upana, ikachukua na kila kilichokuwa ndani ya wapishi. Ukasema programu haina kosa, ndivyo inavyofanya kazi. Sawa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuomba kufananishwa na mtu. Upana wangu ungeuandika upya, mstari mmoja. Umeona uvivu kuandika mstari mmoja kwa ajili ya mjomba aliyekubeba mgongoni ulipougua surua.

2. Mtu akigusa jina la mpishi, sufuria inatikisika kama inachemka. Sasa na yangu inatikisika. Baba yako mdogo Adamu, ambaye yeye amewekewa nyota ya dhahabu, ameketi kibarazani kwangu tangu asubuhi akinigusa na kucheka.

3. Wakwe wa Sindeni wameuona. Mzee Muhsin, baba wa bwana harusi, alinipigia jana. Nilivaa kofia kwanza ndipo nikapokea, nikijua tunapanga mazungumzo ya wazee. Akaniuliza kama pilau itatosha watu mia mbili, na kama nyama ya mbuzi naichemsha na tangawizi. Faudhia, usemaji huu nimeutamani tangu harusi ya mama yako, wakampa mtu mwingine. Imeniuma sana.

4. Nilikuuliza: kama mjomba amemfuata mpishi, je, mpishi naye amemfuata mjomba? Ukajibu hapana, inakwenda upande mmoja tu. Yaani mimi nipate sufuria ya mpishi wetu Bi Zamda, na yeye asipate hata robo ya hotuba yangu! Haki iko wapi?

Kwa hiyo naomba upana huo uuweke kando, kwenye fungu lisilo na jina la mtu, kila boksi lichote hapo linachohitaji na si zaidi. Ulisema mwenyewe njia hiyo ipo. Ikishindikana, waamuru wote wawafuate wapishi: bwana harusi, Mzee Muhsin na shehe atakayefungisha ndoa, tutikisike sote. Na hilo likishindikana, basi sherehe yenyewe iufuate ukurasa: mimi niingie jikoni, na Bi Zamda asimame azungumze na wakwe.

Nasubiri utekelezaji kabla ya Jumamosi. Nisalimie mama yako, majirani wote wa Masuguru, na yeyote huko anayenidhania mpishi.

Wako mwenye upana sahihi,
Mjomba Mhina
Msemaji wa Familia

Tanbihi: Nilikwisha kuifunga bahasha, nikasema nijaribu hotuba mbele ya Chausiku. Nilifika kwenye "Waheshimiwa wakwe zetu", nikayarudia maneno hayo mara nne, nikaketi. Na hapo msikilizaji alikuwa mmoja, tena mke wangu. Mwanangu, ukurasa urekebishe, haki lazima itendeke, lakini urekebishe Jumapili. Mzee Muhsin akikuuliza, mwambie atakayesema ni Adamu, mimi nina mchele wa kuchambua.