Waya wa Kuteremsha Tension

Jumatatu, 1 Machi 1976

Dispensaire, zahanati ya kampuni, saa tatu asubuhi. Infirmier Mukalay, muuguzi wetu, alinifunga mkono kwa kile kitambaa chake, akapuliza, akasikiliza, akatikisa kichwa. Presha ya damu: 18. Akasema: "Tata Kazadi, uko na tension ya mingi. Uache munyu, uache kahawa, uache mawazo." Basi chumvi hakuna, na asubuhi nitembee polepole, au nikae tu.

Ijumaa ananipima tena. Ikibaki hivi, hatatia sahihi kwenye karatasi yangu ya afya. Bila karatasi sitakuwa mkubwa wa magasin, ghala la vifaa vya umeme, na Tata Kyungu, mkubwa wa sasa, anahamia Fungurume mwisho wa wiki. Nafasi itakwenda kwa Numbi, mwenzangu wa meza ya pili. Numbi ana 12. Hata hasira ya Numbi ni 12.

Kuacha mawazo! Tangu saa tatu nawaza namna ya kuacha kuwaza. Baba yangu alikufa kwa tension, kijiko mkononi. Naogopa. Naandika hapa tu.

Jumanne, 2 Machi

Nimepata.

Miaka kumi na moja nagawa waya na fyuzi kwa mafundi wa umeme. Kila siku napita mbele ya kile kibanda chenye fuvu la kichwa na maneno "haute tension", yaani umeme wa nguvu kubwa. Leo nilisimama nikasoma tena. Neno ni lilelile! Ajabu kwamba mafundi na mainfirmier hawajawahi kukaa pamoja na kuulizana.

Fundi hufanya nini mashine ikiwa na umeme usiotakiwa? Huzika nondo, hufunga waya, umeme unateremka udongoni. Wanaita mise à la terre. Mashine haiambiwi iache mawazo.

Nilimwuliza Numbi, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwa nini mtu naye asifanyiwe hivyo. Akauliza kama jana nililala. Wivu tu.

Nimechukua waya wa shaba, mita sita. Mimi si mwizi. Nilijaza bon, karatasi ya kutolea vifaa, kila mstari, nikatia sahihi.

Jumatano, 3 Machi

Nondo imezikwa nyuma ya jikoni. Alfajiri nilikaa juu ya kigoda, miguu peku, waya kwenye kifundo cha mguu. Mvua ya jana imelowesha udongo, hali nzuri sana. Nilingoja nisikie kitu kikiteremka. Nilisikia sisimizi akipanda. Saa nzima bila kazi yoyote. Kumbe kuna ndege wengi hapa kwetu, sikujua.

Mke wangu Bilonda alisimama mlangoni na sufuria. Nilimweleza kuhusu nondo. Akarudi ndani.

Alhamisi, 4 Machi

Fundi mmoja ameniambia kwamba nondo ikizungukwa na makaa na chumvi, udongo unapokea umeme vizuri zaidi. Infirmier amenikataza chumvi. Basi chumvi ina mahali pake! Nilimwaga pakiti nzima shimoni.

Sikujua ni ya mwisho. Sikujua pia kwamba Bilonda alipanga mstari asubuhi nzima ili kuipata. Alisema kwa sauti ndogo: "Unapatia udongo munyu? Sasa udongo njo iko mugonjwa?" Tulikula ugali wa bukari na mboga ya sombe bila chumvi. Mtoto wetu Mbelu aliuliza kama ni kwaresima. Nikamwambia ndiyo, na kweli ilikuwa kwaresima.

Mchana mama mmoja wa avenue yetu alichungulia juu ya ua, akaona shimo, makaa na chumvi. Saa kumi kila mtu alijua Kazadi anazika dawa ili apate ukubwa. Saa kumi na moja wamama watatu wa maombi walifika kuombea jiko letu. Bilonda akawapa chai. Walipoondoka alikaa chini akalia.

Nilimshauri aache mawazo.

Ijumaa, 5 Machi

14! Mukalay alipima mara mbili. Nilimwonyesha alama ya waya mguuni. Akasema hapana, tata, ni kula bila chumvi na kukaa kimya kila asubuhi. Sikubishana naye. Watu wa shule hawapendi kufundishwa. Akatia sahihi.

Nilikwenda ofisini karibu nikimbie. Mhandisi, mkubwa wetu sote, alikuwa na karatasi nyingine mkononi: bon yangu ya Jumanne. Aliisoma kwa sauti. Kazi: mise à la terre. Mashine: Kazadi. Akaisoma tena, na safari hii walisikia hadi upande wa pili. Akasema mtu anayejichukulia vifaa vya kampuni hawezi kupewa funguo.

Numbi anaanza Jumatatu. Alinishika bega akaniambia pole, na nadhani ilitoka moyoni. Iliniuma zaidi.

Jumapili, 7 Machi

Kuna jambo sikuliandika Ijumaa. Bilonda alinisindikiza dispensaire. Mukalay akampima pia. Mwaka jana alikuwa na 12. Sasa 19. Mukalay akamwuliza nini inamusumbua. Bilonda akanitazama. Mukalay naye akanitazama. Nikageuka kuona kama kuna mtu nyuma yangu.

Leo baada ya misa aliniambia, bila hasira hata kidogo: "Tata Mbelu, tension yangu njo weye." Maneno hayo yaliniingia. Sikumaliza chakula. Nikishindwa kupata ukubwa, sawa, nitaishi. Bilonda akienda kama baba yangu, sitaishi. Nilikaa nikafikiri kuliko siku zote za wiki hii.

Halafu nikaelewa. Yangu imeshuka, yake imepanda. Iliyotoka kwangu ilikwenda wapi? Udongoni kidogo tu. Sisi tunalala kitanda kimoja, na kitanda chetu ni cha chuma! Kila usiku ilikuwa inapita kwenye chuma na kumwingia. Maskini mke wangu, alisema mwenyewe kwamba ni mimi, na mimi sikusikia.

Sasa hivi, saa tisa mchana, amelala. Amechoka sana. Nimempima kifundo cha mguu kwa uzi, polepole, asiamke.